Tulivyoungana na watu wa bondeni tuliogombana nao ili sheria ndogo ya mto ibadilike (Moshi)

#1 Mleta uzi, Moshi Vijijini

Wakuu, habari za mchana.

Kila msimu wa uchaguzi nasikia vijana wa huku kwetu wakiuliza wafanyeje ili halmashauri iwasikilize, na jibu wanalopewa ni lilelile: tafuteni diwani mzuri. Diwani mzuri ni baraka, silikatai hilo. Lakini nimehudhuria vikao vya sheria ndogo kwa karibu miaka mitatu, nikaona diwani mzuri akishindwa peke yake, na nikaona wanakijiji wasio na cheo wakibadilisha maneno ambayo yalikwisha kuchapwa. Naomba niwaeleze ilivyokuwa. Ni ndefu, mnivumilie.

Mimi ni wa juu, ukanda wa migomba. Kihamba chetu, yaani shamba la urithi tunaloishi ndani yake, upande mmoja kimepakana na kijito. Siku moja ikaletwa rasimu ya sheria ndogo inayokataza "shughuli yoyote ya kilimo" ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hizo mita 60 hazikutoka hewani. Zimo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57. Ila kifungu kile kinazungumzia shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri uhifadhi wa mazingira. Aliyeandika rasimu yetu alifupisha, na ufupisho huo ulikuwa unatutoa nyumbani. Anayejua vihamba vya Uchagga anajua: baba aligawa, babu aligawa, na sasa upana uliobaki ni ule wa kutosha nyumba, zizi, migomba na kahawa kidogo. Toa mita 60, unatoa kihamba kizima pamoja na makaburi ya wazee yaliyo ndani yake.

Kitu cha kwanza tulichofanya ndicho anachofanya kila mtu. Tulikusanyana wenyewe kwa wenyewe. Wenye vihamba tu, ukoo kwa ukoo, tukaandika barua yenye sahihi zaidi ya mia mbili. Barua ikapokelewa, ikagongwa muhuri, ikalala. Nilikasirika sana wakati ule. Baadaye nikaelewa kwamba sahihi mia mbili za watu wenye shida moja, wa mteremko mmoja, mezani zinahesabiwa kama sahihi moja. Ofisi ilikwisha kujua tutasema nini hata kabla hatujasema.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja anayesimamia mfongo wetu (mfereji wa asili wa kuleta maji mashambani), sisi tunamwita Meku. Kwenye kikao alikaa kimya hadi mwisho, kisha akauliza: "Hii rasimu ameiomba nani?" Hakuna aliyejua. Watu mia mbili tumetia sahihi kupinga kitu, na hatukuwahi kuuliza nani anakitaka na kwa nini.

Tukafuatilia. Waliokuwa wameiomba ni wakulima wa mpunga wa tambarare. Kwa wasio wa huku: mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, mpunga ukalipa, na ulipolipa walio juu ya mradi nao wakaanza kuyachepusha maji kwenye mashamba yao. Tangu hapo maji ya kutoka mlimani yamekuwa ugomvi kati ya juu na chini. Wenzetu wa tambarare walikuwa wamechoka kuona mfereji mkavu wakati wa kupandikiza miche, wakaenda kulalamika, na aliyepokea malalamiko akaona dawa ni kuwaondoa watu wa kingoni.

Tukashuka. Tulikuwa saba, tumebanana kwenye daladala. Kikao cha kwanza kilikuwa kibaya. Tuliitwa wezi wa maji mbele ya watoto, na mwenzetu mmoja nusura anyanyuke aondoke. Meku alikuwa amebeba jani la sale. Huku kwetu sale ndiyo mpaka wa kihamba, na ndiyo hiyohiyo mtu anayempelekea aliyemkosea anapoomba yaishe. Wale wakulima wengine ni Wapare, wengine wametoka mbali zaidi, lakini kwa kuishi chini ya mlima wanajua maana yake. Akalitoa, akasema tumekuja kusikiliza, hatukuja kujitetea. Pakatulia.

Kisha akawauliza: kwani mnataka migomba yetu ing'olewe?

Wakatazamana. Hapana. Walichotaka ni maji yafike. Tulipoanza kufuatilia pamoja, siku kadhaa, tukitembea na mto kutoka juu hadi kwao, tukayaona mambo matatu. Mifongo iliyokuwa inaachwa wazi usiku kucha bila mtu kunywesha chochote. Bustani za nyanya na kabichi kingoni kabisa, zinazonyweshwa kwa pampu za petroli kila jioni. Na kingo zilizobomoka kwa kukosa majani, mto umejaa tope. Migomba na kahawa havikuwa kwenye orodha ya yeyote.

Hapo ndipo ilipopatikana sentensi yetu. Nasema sentensi kwa sababu ilikuwa moja, na tulikaa mchana mzima tukiitengeneza: mifongo ifungwe usiku, kingo zipandwe miti na majani, bustani za pampu zitoke kingoni, migomba na kahawa vibaki. Wa tambarare walitia sahihi kwa ajili ya usiku. Sisi tulitia sahihi kwa ajili ya migomba. Kina mama wanaofuga ng'ombe wa ndani, ambao hatukuwa tumewafikiria kabisa, walikuja wenyewe waliposikia neno majani, maana kingo zikipandwa majani ya guatemala na matete hawatashuka tena tambarare kununua majani ya ng'ombe. Walikuwa wengi kuliko sisi wote, na ndio waliojaza mikutano ya vijiji.

Sasa njia yenyewe, maana hapa wengi hupotea. Hatukuanza na halmashauri ya wilaya. Sheria ndogo ya wilaya lazima iridhiwe na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, ni safari. Kijiji nacho kina mamlaka ya kutunga sheria ndogo zake: halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, inapita kwenye kata, halafu baraza la madiwani linaidhinisha. Tulipeleka maneno yaleyale, nukta kwa nukta, kwenye vijiji vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Kwa hiyo yalipofika baraza la madiwani, madiwani wa juu na wa chini, ambao walikuwa hawasalimiani vizuri, kila mmoja alikuta karatasi ya mwenzake inafanana na yake. Hakuna aliyeweza kuipinga ya mwenzake bila kuipinga ya wapiga kura wake. Na ile rasimu ya wilaya iliporudi mezani, "shughuli yoyote ya kilimo" ilikuwa imeondoka, yamerudi maneno ya sheria mama.

Jambo moja linaniuma mpaka leo na sitalificha. Wenye bustani za pampu walikuwa vijana wetu, na makubaliano yale yalilala juu ya mgongo wao. Tuliwatengea zamu za mfongo mchana, lakini zamu si sawa na pampu. Mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa mmoja wao. Mwaka mzima hakukanyaga kwangu.

Na hili si geni mlimani. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa mbele, wakati walowezi walikuwa hawataki Mwafrika alime arabika. Watu wa umangi (himaya za machifu) mbalimbali, ambao babu zao walipigana, wakakaa chama kimoja kwa sababu ya mche wa kahawa, dawa ya wadudu na bei. Mwaka 1933 chama hicho kikawa chama cha ushirika, KNCU. Miaka michache tu baadaye, 1937, wakulima haohao wakafanya ghasia dhidi ya chama chao, wakipinga kulazimishwa kuuza kahawa kupitia humo. Nimelitaja hilo la pili makusudi. Umoja uliokwisha kuingia ofisini unaweza kuwasahau waliouingiza.

Karibuni mchangie.

#2 Mchangiaji, Usa River

Mleta uzi, ubarikiwe. Umenikumbusha ya kwetu Meru.

Bibi yangu alikuwa Ngare Nanyuki Novemba 1951 wakati serikali ya kikoloni ilipowahamisha Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe walowezi wafugaji. Nyumba zilichomwa. Wazee walikataa kuishia kulia. Wakachangishana, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York mwaka 1952 kwenye Umoja wa Mataifa, pamoja na wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi hapo hapo Moshi. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya Mwalimu kwenda kwenye Baraza la Udhamini.

Na wewe umesema watu watie sahihi kila mmoja kwa sababu yake. Kule ndivyo ilivyokuwa. Nchi zilizowaunga mkono Wameru hazikuwa na mapenzi ya pamoja. Zingine ndiyo kwanza zimetoka kwenye ukoloni, zingine za kambi ya Urusi zilitaka kuibana Uingereza. Azimio la kuwarudishia ardhi halikupata theluthi mbili kwenye Baraza Kuu, kwa hiyo kwa karatasi walishindwa. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchi akiwasimulia watu wa makabila mengine, na kesi ya Wameru ikawa ya Watanganyika. Ndiyo maana nasema ushindi wa umoja usipimwe kwa kura ya siku moja.

#3 Mchangiaji, Sombetini, Arusha

Mkuu, hoja yako nimeielewa ila sikubaliani nayo yote. Unasema watu wasioelewana waunganishwe na sentensi moja. Tuliona hayo kwenye UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani. Aprili 2014 walitoka pamoja kwenye Bunge Maalumu la Katiba, CHADEMA, CUF na NCCR-Mageuzi, sentensi yao ikiwa ni kutetea rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Warioba na muungano wa serikali tatu. Sisi Arusha tulishangilia barabarani. Oktoba 2015 wakasimamisha mgombea mmoja wa urais, akapata karibu asilimia 40. Leo umoja huo uko wapi? Na katiba mpya iko wapi? Mimi nadhani watu wasio na imani moja wakiungana, wanaungana mpaka mlangoni tu.

#4 Mleta uzi

Mkuu wa Sombetini, swali lako ni zito na nimelala nalo.

Naona pale palikuwa na sentensi mbili, na ya pili iliimeza ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa rasimu ya Warioba. Hiyo ilikuwa wazi, mtu wa Monduli na mtu wa Pemba wote waliweza kuisema. Ya pili ilikuwa kuingia Ikulu. Hii nayo ni halali kabisa kwa chama cha siasa, lakini inaleta maswali ambayo ile ya kwanza haikuyaleta: nani agombee, jimbo hili la nani, ruzuku inagawanywaje. Mwenyekiti wa CUF alijiuzulu Agosti 2015, miezi miwili kabla ya kura, na chanzo kilikuwa mgombea, wala si rasimu. Wakati huohuo kura ya maoni ya katiba iliyopangwa 30 Aprili 2015 ilikuwa imeahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura haujakamilika, kwa hiyo suala lililowaunganisha likakosa tarehe. Suala lisilo na tarehe ni vigumu kulishikilia.

Kwetu tulipata jaribu hilohilo kwa udogo wake. Baada ya sheria kupita, kuna waliosema sasa tumsimamishe Meku awe mwenyekiti wa kijiji. Yeye alikataa. Alisema siku atakapogombea, nusu ya waliotia sahihi watageuka wapinzani wake.

#5 Mchangiaji, Kibosho

Kaka mleta uzi, shikamoo. Naomba niseme kama mwanamke, na nasema kwa heshima.

Umeandika "kina mama walikuja wenyewe". Walikuja wenyewe kwa sababu hamkuwaita. Mlikuwa saba kwenye daladala, wanawake wangapi? Anayechota maji ya kijito hicho alfajiri ni nani? Na hicho kihamba mnachokitetea, binti wa nyumba hiyo anakirithi?

Nilikuwa nasoma wakati sheria za ardhi za 1999 zinapigiwa kelele. Zilikuwepo kambi mbili zilizokuwa zikidai mabadiliko. Moja ni vyama vya wanawake, kina TAMWA na TAWLA na wenzao, waliounda kikosi chao cha jinsia na ardhi. Nyingine ni jukwaa lililoongozwa na HAKIARDHI, taasisi ya kutetea haki za ardhi, lililotaka ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji, kama Tume ya Shivji iliyochunguza masuala ya ardhi ilivyopendekeza, isiwe chini ya Rais kama mdhamini. Kambi hizi zilikutana, zikaongea, lakini hazikuwahi kuwa kitu kimoja. Wanawake walipata walichodai kwenye vifungu. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na baraza la ardhi la kijiji la watu saba lazima liwe na wanawake watatu. Wale wengine hawakupata shina la jambo lao. Ardhi ikabaki kwa Rais.

Mimi huwa najiuliza tangu siku zile: wangeungana kweli, tungepata vyote au tungekosa vyote? Na hata ushindi wetu una tundu, maana tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 bado linamweka binti mwisho kwenye urithi. Vifungu vipo, lakini msiba ukitokea kikao cha ukoo ndicho kinachoamua.

#6 Mleta uzi

Dada yangu, marahaba. Kwenye daladala hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Sina la kujitetea.

Tulirekebisha baadaye, kamati ya mto sasa ina wanawake watano kati ya kumi, na mweka hazina ni mama. Lakini swali la binti na kihamba hatukuligusa, na nakwambia ukweli wa sababu: tungeligusa siku ile, wazee wangeondoka na sahihi zao. Tulichagua kunyamaza ili sentensi ibaki. Nilipoisoma hoja yako nimeona kwamba kila umoja una kitu ulichokinyamazia ili usimame, na walionyamaziwa wana haki ya kuuliza walilipwa nini. Vijana wa pampu waliuliza. Na wewe umeuliza.

#7 Mchangiaji, mwanafunzi wa chuo, Arusha

Wakubwa shikamooni. Niongeze kidogo la darasani, maana linagongana na mleta uzi.

Mwaka 1988 msomi wa Marekani, Paul Sabatier, alieleza kwamba sera hubadilishwa na miungano ya watu wa aina tofauti, maofisa, wanasayansi, waandishi, wanaharakati, na kinachowashikilia ni imani ya pamoja kuliko faida ya muda mfupi. Imani alizipanga kwa tabaka. Za ndani kabisa, kama vile binadamu na maumbile nani kwanza, hazibadiliki kirahisi. Za kati ni kuhusu sera yenyewe, na hizo ndizo gundi. Za juu ni mambo madogo kama viwango na taratibu, hizo watu hupeana. Na alisema usiupime muungano kwa chini ya miaka kumi. Mojawapo ya sehemu alizochunguza ni Ziwa Tahoe, mpakani mwa California na Nevada, ambako waliotaka kulinda maji na waliotaka kujenga walivutana kwa miongo.

Kwa hiyo kwa Sabatier, umoja wenu wa "kila mtu kwa sababu yake" ungepaswa kuvunjika mvua ikigoma.

#8 Mleta uzi

Mdogo wangu, marahaba, na asante. Nakujibu kwa yaliyotokea, maana mvua iligoma kweli.

Msimu wa pili vuli ilikuwa haba. Mfongo mmoja wa juu ulikutwa wazi usiku, na wa tambarare wakapanda na majembe. Sentensi yetu siku ile haikusaidia kitu. Kilichosaidia ni kwamba mama mmoja wa tambarare, ambaye mwaka mzima alikuwa akija kununua ndizi kwa hao wa juu na kunywa nao chai, alisimama mbele ya wenzake akasema yeye ameyaona majani yanashika kingo na maji yameanza kuwa meupe, tusivunje. Hakusema kwa faida yake, shamba lake lilikuwa kavu kama mashamba ya wengine. Alikuwa ameamini.

Kwa hiyo nakubaliana na huyo mwalimu wenu nusu. Tulianza kwa sababu mbalimbali, na tusingeanza kwa njia nyingine yoyote. Lakini waliobaki mpaka sasa ni wale waliofikia kuuona mto kwa jicho moja, na waliondoka wengi tu. Kutembea pamoja kutoka juu hadi chini kulifanya kazi kubwa kuliko vikao. Ningerudi nyuma ningewatembeza watu wote wa vijiji vinne, si wale wachache.

#9 Mchangiaji, Machame

Mleta uzi, sisi tuna tatizo kama lenu na mfongo wetu una ugomvi wa muda mrefu. Naomba unijibu moja tu: kalamu alishika nani?

#10 Mleta uzi

Swali zuri sana mkuu, nililiruka.

Alishika karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, mtu wa tambarare, na tulimchagua kwa sababu hakuwa wa kwetu. Kila kikao alisoma kwa sauti alichoandika kabla watu hawajaondoka, kikarekebishwa papo hapo, kikatiwa sahihi na mtu wa juu mmoja na wa chini mmoja. Nakala tatu: moja kwa Meku, moja kwao, moja kwa mtendaji wa kata. Kuna wakati ofisi ilileta rasimu iliyopigwa chapa upya, neno "usiku" halimo. Tulitoa nakala zetu zote tatu, neno limo kwenye zote, likarudishwa.

Na mkiweza, kabla hamjaenda halmashauri pitieni ofisi ya Bonde la Pangani hapo Moshi mjini mwulizie kuandikishwa kama jumuiya ya watumia maji chini ya sheria ya mwaka 2009. Sisi tulichelewa kufanya hivyo, tukapoteza miezi tukiulizwa ninyi ni nani. Jumamosi kamati yetu inafungua mfongo saa moja asubuhi. Njoo na wawili watatu wa kwenu, pamoja na wa upande mnaogombana nao kama watakubali. Mdogo wangu ndiye anayesimamia zamu siku hiyo.